Nilivyonunua Duka la Magazeti Lamu

Mapema mwaka 2019, niliponunua duka la magazeti katika Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji wa Lamu, wengi waliniuliza ni nani bado anayenunua gazeti ilhali habari zote zimo ndani ya simu. Swali hilo nilikuwa nimekwisha kujiuliza, na jibu lake ndilo lililoniokoa nisinunue kwa bei niliyotajiwa.

Mwenye duka alikuwa mzee aliyeliendesha kwa zaidi ya miaka ishirini na ambaye sasa alitaka kuhamia kwa binti yake Mombasa. Alitaka laki sita na nusu, zikiwa ni kilemba, yaani malipo ya kuachiwa mahali, bidhaa zilizokuwamo, rafu na mashine ya fotokopi. Daftari lake la mauzo lilinitia shaka, kwa kuwa liliandika elfu nane leo na elfu tisa kesho, wala haikuwapo siku hata moja iliyoishia na shilingi thelathini. Badala ya kumbishia nilimwambia, "Ami, niruhusu nikae nawe dukani mwezi mmoja, nikusaidie bila malipo, niwajue wateja." Alinitazama, akacheka, akasema, "Karibu mwanangu, lakini chai utajinunulia."

Mwezi huo ulinifunza zaidi ya daftari lote. Magazeti yetu yalikuwa yakija kwa basi hadi gati la Mokowe, kisha kwa boti, kwa hivyo gazeti la asubuhi lilitufikia alasiri, na basi likikwama njiani lilifika magharibi. Wazee waliokuwa wakilingojea barazani walipokezana nakala moja ya Taifa Leo watu watano au sita, na mnunuzi akawa mmoja tu. Nilihesabu wastani wa nakala 34 kwa siku, magazeti yote yakijumlishwa, na kwa kuwa faida ya kila nakala ni shilingi chache, magazeti peke yake yasingelipa hata nusu ya pango. Duka lilibebwa na fotokopi za vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa kwa watu waendao ofisi za serikali na mahakamani, na vilevile madaftari na kalamu shule zinapofunguliwa, na kamisheni ya M-Pesa. Gazeti lilikuwa kazi yake kuwaleta watu mlangoni, na hiyo si kazi ndogo, lakini haiuzwi kwa bei ya faida.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo mzee hakulitaja: laini ya uwakala wa M-Pesa ilikuwa kwa jina lake na haikuwa sehemu ya mauzo. Ilinibidi niombe yangu, na nikakaa miezi minne bila huduma hiyo.

Jambo zito zaidi lilikuwa mahali penyewe. Nyumba ilikuwa ya wakfu, na mzee alikuwa mpangaji asiye na mkataba wa maandishi. Sheria ya Kenya, Sura ya 301, humlinda mpangaji wa duka wa namna hiyo, asiweze kuondolewa bila notisi ya angalau miezi miwili, naye ana haki ya kuipinga mbele ya baraza la pango la majengo ya biashara. Lakini ulinzi ule ulikuwa wake, si wangu. Kumlipa kilemba kabla msimamizi wa wakfu hajanikubali ni kununua ufunguo wa mlango wa mwenyewe, kwa hivyo nilikataa kutoa hata senti hadi tulipoketi watatu kwa wakili, nikaandikiwa upangaji kwa jina langu. Msimamizi alinionya pia kwamba mji wa kale ni urithi wa dunia tangu 2001, nisije nikabadilisha mlango au ukuta wa mbele bila idhini.

Bidhaa tulizihesabu usiku mbili. Hewa ya bahari haina huruma kwa karatasi: rimu za chini zilikuwa zimeshika unyevu, bahasha zimejigundisha zenyewe, na theluthi ya vitabu vya mazoezi ni vya mtaala uliokwisha kuachwa. Tulivitoa vyote kwenye hesabu, na bei ikashuka hadi laki nne na elfu kumi, nusu siku ya kutia saini na nusu baada ya miezi sita.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye, nalo lilikuwa la magazeti yaliyobaki. Msambazaji alikuwa na siku maalumu ya kupokea marejesho, nami, kwa kutozoea ratiba za boti, nilichelewa wiki tatu mfululizo na nikatozwa nakala zote kana kwamba nimeziuza. Nikapunguza oda hadi 28, nikaridhika kuishiwa mapema. Mabasi ya abiria yalipozuiwa kuingia na kutoka Mombasa na Kilifi mwezi wa Aprili 2020, magazeti yalinifikia kwa kubahatisha, na ni fotokopi iliyolipa pango.

Yalibaki madeni. Mzee alitaka niyanunue yale ya daftarini, zaidi ya elfu sabini, nikakataa. Tukakubaliana nimkusanyie, nami nibaki na shilingi moja katika kila tano. Majina manne bado hayajafutwa, na mmoja wao huja kila alasiri kuuliza kama gazeti limefika.