Nilivyobadilisha shokapu za Land Rover ya baba

Land Rover aliyoniachia baba ni Series III ya mwaka 1978, ile ndefu ya 109, yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Bodi yake ni ya aluminiamu, ndiyo maana upepo wa bahari wa hapa Kigamboni haujaila. Chesisi ni chuma, na huko chini kila nati imeshikana na kutu.

Mwaka jana ilianza kuruka. Nikipita kwenye rasta, yale matuta madogo ya barabarani, nyuma inaendelea kunesa hata baada ya kuvuka. Nikikanyaga breki, pua inainama. Matairi ya mbele yakaanza kulika mabonde mabonde. Siku tuliyokuwa tunashuka kwenye pantoni, mke wangu akashika dashibodi kwa mikono miwili, na hapo nikampigia fundi simu.

Fundi akasema springi zimechoka, dawa ni kuongeza bapa moja, kile kipande cha chuma cha springi, kila upande wa nyuma. Tukaongeza. Gari likapanda juu, likawa gumu, na kunesa kukazidi. Hili linaniuma mpaka leo, maana najua wengi wanaambiwa hivyo hivyo. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokapu haibebi uzito, yenyewe inaituliza springi: ndani kuna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, na ile nguvu ya kurukaruka inageuka kuwa joto. Mafuta yakivuja, springi haina wa kuizuia. Ukiiongezea bapa wakati shokapu zimekufa, umeongeza nguvu ya kurusha tu.

Aliyenifumbua macho ni mzee jirani, aliyeendesha Land Rover za serikali miaka mingi. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza. Habari ya springi hakuigusa. "Marahaba. Zunguka nayo kwenye makorongo huko, ukirudi tuzishike shokapu."

Nikazunguka kama robo saa kwenye barabara ya vumbi. Niliporudi nikapeleka mkono taratibu, moja baada ya nyingine. Ya nyuma kulia ilikuwa na joto. Tatu zilizobaki zilikuwa baridi, kana kwamba gari halijatoka kivulini. "Hizo tatu zimekufa, mwanangu. Inayofanya kazi lazima ipate moto." Nikainama na tochi: vumbi lilikuwa limegandana na mafuta kwenye mwili wa shokapu, zito kama uji mweusi.

Niliamua kununua zote nne, kwa sababu shokapu hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Nikafungua moja, nikaenda nayo Ilala, Shauri Moyo. Duka la kwanza walinipa zilizokwishatumika, zimepakwa rangi nyeusi mpya. Nilisimamisha moja sakafuni nikaikandamiza, ikazama bila ukinzani wowote. Nikaziacha pale pale. Duka la pili wakaleta za Defender, Land Rover za miaka ya baadaye. Za mbele za Defender zina ncha ya kufunga nati, za kwangu zina tundu la bushi, ule mpira wa kushikia, juu na chini, haziingiliani. Hata za 88, Land Rover fupi, urefu wake si uleule. Ile ya zamani niliyobeba ndiyo iliyoniokoa: tulizivuta zote mbili hadi mwisho, tukazilaza pamoja kaunta, ndipo nikalipa.

Kazi niliifanya Jumamosi na kijana wangu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimepulizia mafuta ya kulegeza kutu. Land Rover iko juu, kwa hiyo matairi yalibaki chini, tukayawekea magogo mbele na nyuma. Spana niliazima kwa yule mzee, kwa sababu nati nyingi za gari hili ni za inchi: kwenye nati ya inchi 9/16, spana ya milimita 14 haiingii na ya 15 inacheza, mwisho inakula pembe. Spliti pini, zile pini zinazopanuliwa ncha zisichomoke, zilikuwa zimeoza, nyingine zilikatikia ndani, nikazitoa kwa kugonga msumari mwembamba.

Kabla ya kufunga, kila shokapu mpya niliisimamisha wima nikaisukuma na kuivuta polepole. Ikilazwa muda mrefu dukani, hewa inaingia kwenye mafuta. Mara ya kwanza ilishuka kwa kukatakata. Mara ya tano ikashuka nzito, sawasawa.

Bushi ndizo zilizotula muda. Mpira mpya ni mnene, na washa, kile kisahani cha chuma chenye tundu, inakaa juu ya lile tundu la spliti pini. Nilipaka mpira maji ya sabuni, maana mafuta yanauharibu, nikaweka soketi juu ya washa, kijana akakaza klempu. Tundu lilianza kuonekana kama ukucha wa mwezi, likakua, na pini ikapita. Pini nane namna hiyo hadi saa tisa alasiri.

Wiki iliyofuata nilizitoa zile bapa za kuongeza. Sasa kwenye rasta gari linashuka, linanyanyuka, linatulia. Mzee alinituma tena kwenye makorongo, nikarudi, akapiga goti mwenyewe akazigusa zote nne. Zote zilikuwa na moto.