Siku moja gereji: pampu ya D-4, mkanda wa chuma na soketi yenye kutu

Saa 1:00 asubuhi

Gari iliyolala gereji haipigwi staata kabla haijapimwa ikiwa baridi. Injini ikishapata moto, kipimo hiki kimepotea mpaka kesho yake. Mashine ya kusoma hitilafu inachomekwa, swichi inafunguliwa bila kuwasha, kisha inasomwa sensa ya joto la maji na sensa ya joto la hewa inayoingia. Baada ya usiku mzima zinatakiwa kukaribiana, na kwa asubuhi ya Dar es Salaam zote mbili huwa kwenye nyuzi ishirini na kitu. Moja ikisoma 26 na nyingine 45, mojawapo inadanganya. Ikisoma 40 chini ya sifuri, usikimbilie kununua sensa: mara nyingi soketi imechomoka au waya umekatika, na kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, isipoona mzunguko huutafsiri upinzani huo mkubwa kuwa ni baridi kali.

Betri hupimwa saa hiihii. Ikiwa imepumzika, volti 12.6 ni nzima na 12.2 ni nusu. Ukipiga staata isishuke chini ya 9.6. Hatua hii wengi wanairuka, halafu wanahangaika na namba za hitilafu za breki za ABS, za gia boksi na za usukani wa umeme, kumbe kontrolboksi zote hizo zilikosa umeme wa kutosha wakati wa kuwasha na kila moja ikaandika malalamiko yake. Gari ya leo yenye betri chovu huonekana kama ina magonjwa sita.

Saa 1:45

Ya kwanza ni Toyota Noah ya mwaka 2002, injini 1AZ-FSE, ile yenye maandishi ya D-4. Mwenyewe ameiacha jana na maelezo mafupi: "Fundi, nimeshabadilishiwa plagi na oksijeni sensa kwingine, bado inakunywa mafuta, na ikipata moto inawaka kwa shida."

Dipstiki inaanza kusema. Oili imepita alama ya juu kwa sentimita nzima, ni nyepesi, na inanuka petroli. Oili ya injini haiongezeki yenyewe. Kama si maji, ni mafuta.

Kwenye D-4 petroli haimwagwi kwenye njia ya hewa kama injini nyingi za zamani zenye nozeli. Inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda, kama dizeli. Pampu ya kwenye tangi inaipeleka kwa presha ya kawaida ya baa tatu au nne, kisha pampu ya pili, iliyokaa juu ya silinda hedi na kusukumwa na kemshafti, inaipandisha hadi kati ya baa 80 na 130. Ndani ya pampu hiyo kuna plunja inayopanda na kushuka, na sili moja ndogo ndiyo inayotenganisha petroli ya juu na oili ya chini. Sili hiyo ikikakamaa kwa umri na joto, petroli inateremka taratibu hadi kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini.

Ugonjwa huu ni mkongwe kuliko Noah. Wajerumani walianza kupiga petroli ndani ya silinda mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwenye vigari vidogo vya injini ya tu-stroku, Gutbrod Superior na Goliath GP 700, kwa vifaa vya Bosch. Mwaka 1954 ikaja Mercedes-Benz 300 SL, ile ya milango inayofunguka juu kama mbawa, ikiwa na mfumo huohuo kwenye injini ya foo-stroku. Pampu yake ilikuwa ya mitambo mitupu. Ukizima swichi, iliendelea kumwaga petroli mpaka injini isimame kabisa, na petroli hiyo isiyoungua iliteremka kwenye kuta za silinda na kuichujua oili. Mwaka 1996 Mitsubishi na GDI, kisha Toyota na D-4, waliurudisha mfumo huu ukiendeshwa na kompyuta. Njia ya kuingilia imebadilika, lakini petroli imerudi palepale kwenye oili.

Kunusa hakutoshi, kwa sababu nozeli inayovuja nayo huleta harufu hiyohiyo. Kipimo kinachotenganisha mambo haya ni hiki. Injini ikiwa na moto, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikiwa imetulia, soma kwenye mashine fyueli trimu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kontrolboksi inaongeza au kupunguza. Kwa kawaida hukaa ndani ya asilimia 10 juu au chini ya sifuri. Ikiwa imezama sana upande wa kutoa, yaani kontrolboksi inapunguza mafuta kwa nguvu zote, chomoa paipu ya PCV inayovuta mvuke wa oili kwenda kwenye manifoldi, kisha ziba pande zote mbili. Ukiiacha wazi utaingiza hewa ya ziada na kipimo kitakudanganya. Trimu ikipanda kurudi karibu na sifuri, petroli ya ziada ilikuwa inatoka kwenye oili. Isipobadilika, rudi kwenye nozeli na presha.

Hapa imepanda. Oksijeni sensa iliyotolewa kwingine ilikuwa ikisema kweli tupu: mafuta yamezidi.

Saa 3:00

Kufungua pampu ya presha kubwa si kazi ya haraka. Chomoa relei ya pampu ya mafuta, washa injini ijizime yenyewe, piga staata tena sekunde chache, kisha toa waya wa hasi wa betri. Subiri injini ipoe. Hata hapo nati ya kwanza hulegezwa ikiwa imefunikwa kitambaa, miwani ikiwa usoni. Presha iliyobaki humrusha mtu petroli machoni.

Kabla ya kulegeza bolti za pampu, zungusha kranki kwa mkono mpaka ncha ya kemu iache kuisukuma plunja. Usipofanya hivyo, springi inaipandisha pampu upande mmoja, na bolti ya mwisho inatoka na nyuzi za aluminiamu. Wakati wa kufunga ni hivyohivyo: kaza kwa zamu, nusu raundi upande huu, nusu raundi upande ule. Oringi mpya, ipakwe oili. Kwenye nati za paipu ya presha kubwa usiweke silikoni wala utepe mweupe wa mafundi bomba. Chuma kinaziba kwa chuma, na kipande cha utepe kikikatika kinaishia ndani ya nozeli.

Oili yote inamwagwa na filta inatupwa, lita nne mpya zinaingia. Kuweka pampu mpya na kuiacha oili iliyochujuka ni kuziua beringi za kranki.

Manifoldi ikiwa imetoka, valvu za hewa zinaonekana, na kwa D-4 ya umri huu huwa zimevaa kaboni nene, nyeusi na ya mafuta. Sababu ni moja kwa moja. Kwenye injini ya nozeli za nje, petroli huosha mgongo wa valvu kila inapopita. Hapa haipiti kabisa, huku mvuke wa PCV na moshi wa EGR, yaani wa ekzosi unaorudishwa kwenye injini, ukiendelea kugandia. Ndiyo maana zile chupa za dawa ya kumimina kwenye tangi haziwezi kuzisafisha valvu hizi hata ukinunua kumi: dawa haifiki zilipo. Kazi ni ya mkono. Silinda moja moja, valvu zake zikiwa zimefunga, puliza dawa ya kusafishia kabureta, acha ilowe nusu saa, kwangua kwa plastiki au mti, vuta uchafu kwa vakyumu, rudia. Brashi ya waya iache kabatini. Uzi mmoja wa chuma ukidondoka ndani utachora silinda.

Tahadhari moja kwa wenye injini hii. Ikipungua maji bila kuvuja mahali panapoonekana, angalia kwa kioo na tochi nyuma ya injini, pale silinda hedi inapokutana na bloku. Nyuzi za bolti za hedi zimekatwa kwenye aluminiamu, na injini ikishachemka mara kadhaa, za nyuma hung'oka. Kuzikaza upya hakusaidii. Tundu litobolewe na kuwekwa nyuzi za chuma, kisha hedi ifungwe kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, na kila bolti imaliziwe kwa kuzungushwa robo raundi (digrii 90).

Saa 5:30

Mitaa ya Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, kutafuta spea. Tunakwenda na namba ya spea iliyotafutwa kwa chesisi namba, maana kusema "oksijeni sensa ya Noah" dukani ni kuomba kupotezwa. Namba za Toyota ni tarakimu tano, kistari, kisha tarakimu au herufi tano, na tano za kwanza hutaja aina ya kifaa. 89465 ni oksijeni sensa ya kawaida. 89467 ni sensa ya uwiano wa hewa na mafuta. Zote huwa na waya nne, zinaingia kwenye nyuzi zilezile, na ukiziweka juu ya kaunta hutazitofautisha kwa macho. Ya kwanza inarukaruka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ya pili, kwenye Toyota, hutulia karibu na 3.3 mchanganyiko ukiwa sawa na hupanda mafuta yakipungua. Ukiweka moja mahali pa nyingine, injini itawaka vizuri kabisa, kisha itaanza kula mafuta na kuwasha taa, na mtu atalaumu kontrolboksi.

Plagi za iridiamu nazo ziangaliwe. Zinazoishia na 11, kama SK20R11, huja zikiwa na nafasi ya milimita 1.1. Usizigonge kurekebisha, ncha ya iridiamu ni nyembamba na inavunjika.

Saa 8:00 mchana

Toyota Premio ya 2008, gia boksi ya CVT, inatetemeka ikianza kuondoka. Risiti iliyo ndani ya gari inaonyesha ilimwagiwa T-IV, oili ya gia boksi ya otomatiki ya kawaida.

CVT haina gia za kupanda na kushuka. Ina puli mbili zenye umbo la pia zinazosogeleana na kuachana, na mkanda unaopanda na kuteremka katikati yake. Aliyeifikisha barabarani kwa wingi ni Mholanzi Hub van Doorne wa kiwanda cha DAF, kwenye DAF 600 iliyoonyeshwa mwaka 1958. Mikanda yake ilikuwa ya mpira, miwili, ikiongozwa na vizito vinavyotanuka kwa mzunguko na vakyumu ya injini. Hakukuwa na waya hata mmoja kwenye kazi hiyo. Kwa sababu uwiano ulikuwa uleule pande zote, gari lile lilikimbia kinyumenyume sawa na mbele, na Waholanzi walikuja kuyashindanisha hivyo. Mkanda ukichakaa, fundi aliweka mwingine na kurekebisha nafasi ya puli.

Urithi wake ni mkanda wa chuma, vipande vyembamba mamia vilivyopangwa kwenye pete za chuma, unaofanya kazi kwa kusukuma badala ya kuvuta. Subaru Justy ya 1987 ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuutumia, na Toyota walianza na Opa mwaka 2000. Mkanda huu unashika puli kwa msuguano tu, chuma kwa chuma, ndani ya oili. Oili ya CVT imetengenezwa kulinda na papo hapo kushikisha. T-IV imetengenezewa klachi za karatasi. Ndani ya CVT mkanda unateleza kidogo kila unapobebeshwa uzito, na kila unapoteleza unachora uso wa puli. Michoro hiyo haifutiki kwa oili sahihi.

Kwa hiyo sampu inashushwa kwanza, kabla ya kuahidi chochote. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande vinavyometa na kukwaruza kidole ni mkanda na puli, na hapo mwenye gari aambiwe ukweli kabla hajatoa hela ya oili. Leo ni unga tu, kuna matumaini. Oili iliyotoka inapimwa kwenye jagi na kiasi hichohicho kinarudi. Kinachotoka ni sehemu tu ya oili yote, kwa hiyo gari litembezwe na oili imwagwe tena mara mbili zaidi mpaka T-IV iishe. Usawa wa mwisho unaangaliwa oili ikiwa na moto. Aina ifuatwe kitabuni: Toyota wana TC na FE, Nissan wana NS-2 na NS-3, na chupa inayodai kufaa kila gari tunaiacha dukani.

Saa 10:00 jioni

Mark II GX90. Ikiwa baridi inawaka vizuri, ikipata moto inatoa moshi mweusi. Mashine ya kisasa haizungumzi nayo, lakini gari lenyewe linasema: kwenye kiboksi cha diagnosi chini ya boneti unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi, hesabu taa ya injini. Mwako usiokatika wa haraka, hakuna hitilafu. Mbili, kituo, mbili: namba 22, sensa ya joto la maji.

Sensa inachomolewa na kupimwa. Kwa nyuzi 20 inatakiwa kilo-ohmu 2 hadi 3, kwa nyuzi 80 ni 0.2 hadi 0.4. Ikiwa na moto inasoma 0.3, nzima. Inarudishwa, kipimo kinahamia mwisho wa waya kwenye soketi ya kontrolboksi iliyochomolewa, na hapo inasoma 1.6. Upinzani uliozidi umekaa njiani, kwenye pini ya soketi iliyoota kutu ya kijani. Kontrolboksi ilikuwa inaamini injini bado ina baridi, ikaendelea kumwaga mafuta. Pini mpya inabanwa, inafunikwa, kazi imekwisha. Sensa mbili mpya zilizonunuliwa awali zimo kwenye droo ya gari, nzima kabisa.

Saa 11:30

Noah inajaribiwa barabarani, kisha inazimwa ikiwa na moto na kuachwa dakika ishirini boneti likiwa limefungwa, ndipo inawashwa tena. Joto linalopanda baada ya kuzima ndilo linaloonyesha pampu au nozeli inayovuja. Viungo vya paipu vinaangaliwa kwa tochi na kioo, na kitambaa kikavu kinapitishwa chini ya kila nati. Usawa wa oili unaandikwa kwenye kadi ya gari pamoja na kilomita. Mwenyewe anaambiwa arudi baada ya kilomita 500 asubuhi, injini ikiwa baridi, dipstiki ichomolewe mbele yake na kulinganishwa na kadi.