Vitabu vya mfalme na zile glavu nyeupe

Watu wakisikia nahudumia vitabu adimu, huniuliza kwanza kuhusu glavu nyeupe. Sivai. Kitambaa hupunguza hisia za vidole, na karatasi kuukuu huchanika upesi. Nanawa mikono, naikausha vizuri, basi. Kitabu sikivuti rafuni kwa ncha ya juu ya mgongo. Nasukuma ndani vitabu viwili vya ubavuni mwake, kisha nakishika katikati. Ngozi iliyochakaa huacha unga mwekundu mikononi, na unga huo usifike kwenye kurasa.

Ninayemwonea wivu ni Frederick Augusta Barnard, mkutubi wa Mfalme George wa Tatu wa Uingereza. Mwaka 1768 alitumwa Ulaya bara kununua vitabu kwa fedha za mfalme (nani angekataa?). Inasimuliwa kwamba mfalme alimkataza kushindana mnadani na msomi anayekitaka kitabu kwa matumizi yake mwenyewe. Agizo gumu kwa mnunuzi, lakini mimi nalipenda.

Mwaka 1823 George wa Nne aliutoa mkusanyiko huo kwa taifa. Leo umepangwa ndani ya mnara wa kioo katika Maktaba ya Uingereza, London. Wageni hupiga picha migongo ya ngozi na kwenda zao. Msomaji mwenye kadi huagiza kitabu, akaletewa mezani.