Mwizi anaweza kwenda shule?

Jumatano usiku taa zimeshazimwa, Kadogo akauliza gizani: "Mwizi anaweza kwenda shule?" Nikamjibu, "Lala, kesho mapema." Leo Jumapili. Mahari ya dada imeletwa jana, wageni wamekula wakashiba, alhamdulillahi, na mimi bado nina lile swali.

Mnaoijua nyumba yetu mnajua kwamba ungo wa visheti vya wageni hauna mlinzi zaidi ya Bibi. Asubuhi ya Jumatano hiyo alitoka uani akakuta pengo.

"Nani kala?"

"Paka."

"Paka gani huyo, sukari imeganda kwenye gauni lako? Mwongo wee, na wizi juu! Mwizi!"

Kadogo akajipangusa kifuani, sukari ikazidi kuenea, akaingia nyuma ya pazia na hakutoka mpaka chakula cha mchana.

Kila nikiosha vyombo nalirudia neno lile. Bibi angesema "umekula visheti vya wageni", kesi ingebaki kwenye visheti vitatu. Kuiba kulikuwa kwa asubuhi ile tu, lakini mwizi ni mtu, unalala naye na kuamka naye. Ndiyo maana mtoto hakuuliza habari za visheti. Aliuliza habari za shule.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2014 mtafiti Christopher Bryan na wenzake walizungumza na watoto wa miaka 3 hadi 6, wengine wakiambiwa habari za "kusaidia", wengine za "kuwa msaidizi". Waliosikia jina "msaidizi" ndio walioacha mchezo wao mara nyingi zaidi kwenda kusaidia. Basi nami nikawa nagawa majina mazuri kama pipi: msaidizi wangu, mkweli wangu. Mwaka 2020 Emily Foster-Hanson na wenzake wakaonyesha upande wa pili. Mtoto wa miaka 4 au 5 aliyeombwa "awe msaidizi", kisha kazi ikamharibikia mikononi, alivunjika moyo zaidi kuliko aliyeombwa tu asaidie. Ni sawa kabisa. Ukiwa msaidizi na jagi likakuponyoka, hukumwaga maji tu, umepoteza na cheo.

Jana usiku, miguu ikiwaka moto kwa kusimama kutwa, nikakumbuka jaribio la Joan Grusec na Erica Redler la mwaka 1980, nikashusha pumzi. Watoto waligawa vitu vyao, kisha wengine wakasifiwa kwa tendo, wengine wakaambiwa wao ni watu wema. Kwa wa miaka 8, jina lilishika hata kwenye mambo mengine. Kwa wa miaka 5 halikwenda mbali. Kadogo ana mitano na miezi mitatu. Na huyo paka wake, tuseme ukweli, ni maendeleo: kumsingizia paka kunataka ujue kwamba Bibi hakuona ulichokiona wewe. Watoto wa umri huu hupanga neno la kwanza vizuri, wakasahau ushahidi. Gauni lilikuwa halijashirikishwa.

Halafu Bibi, ambaye haombi radhi ila hugawa kazi, Alhamisi alimwita: "Umekula vitatu vya watu. Njoo utoe vitatu." Akampa uma. Unachukua kidonge cha unga kama punje ya kunde kubwa, unakigandamiza kwa dole gumba mgongoni mwa uma, unakiviringisha kijikunje. Ukikandamiza mno kinanasa kwenye meno ya uma. Ukikiacha kinene, nje kinaiva, ndani kibichi. Kadogo alitoa kumi na kimoja, vitatu tu vikasimama. Bibi akavikaanga, akavichovya kwenye shira, akavipanga ungoni pembeni. Tendo kalitaja, idadi kaitaja, wenyewe kawataja, na deni lililingana na vidole vya mtoto. Mimi niliyesoma vitabu nilisema "lala".

Jana Kadogo alizunguka na ungo akiwaonyesha wageni vitatu vyake, mpaka mjomba mmoja akaogopa kuvigusa.

La shule bado sijamjibu. Na mtungi wa gesi, baada ya makaango yote haya, nikiutikisa hausemi kitu, na leo ni tarehe 19.