Nilivyorudi mezani sokoni baada ya shoga angu kufariki

Ukifiwa na mume unakalishwa kwenye mkeka, watu wanalala na wewe mpaka matanga yaishe, hata watani wanakuja kukusumbua ucheke. Ukifiwa na shoga unapelekwa jikoni. Mimi nilisonga ugali wa msiba na kuosha masufuria huku pole wanapewa watoto wake, ni haki yao sina neno, afu matanga yakaanuliwa kila mtu akashika njia na mimi nikarudi kwangu Chang'ombe nikajifungia.

Tulijuana toka wasichana, ile Operesheni ya serikali ya 1971 ilipotutoa Wagogo kwenye tembe zetu tukapelekwa vijiji vya ujamaa, wazee wetu wakapangiwa viwanja jirani basi tukawa tunachota maji pamoja, tukaolewa, tukazaa, mpaka tukaja kuzeekea hapa mjini Dodoma. Uzeeni tukawa na biashara ya mlenda mkavu soko la Majengo. Kazi tuligawana: mimi mikono, yeye mdomo. Masika nanunua mlenda mbichi kwa kina mama wa vijijini, nachambua, naanika, natwanga, nachekecha. Yeye anakaa mezani anauza, hesabu zote kichwani, na wateja wa Dar wanaotumiwa mzigo kwa basi walikuwa wanampigia yeye. Mimi hata namba zao sikuwa nazo.

Sa alipoondoka viroba vikabaki ndani vimepangana. Kula ilikuwa shida, presha ikapanda, kliniki wakaniongezea dawa, binti yangu akasema mama njoo ukae huku Dar. Nikamwambia nikakae nifanye nini, niangalie tamthilia? Mchungaji alikuja, majirani wakaja, kila mtu anasema kazi ya Mungu haina makosa, mimi naitikia ndio, wakiondoka nalala tena.

Kilichonitoa ndani ni ufunguo wa kikoba.

Kwa wasiojua, kikoba ni kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na sanduku letu la hela lina kufuli tatu na funguo wanashika wanachama watatu tofauti, sio mwenyekiti wala mtunza sanduku, asipokuja mmoja halifunguki. Wa kwake ulikutwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake pamoja na noti ya elfu mbili. Kikundi wakaniletea, wakasema bibi shika wewe. Nikakataa, wakauacha juu ya meza wakaenda zao! Basi siku ya kikao ikifika nafanyaje, kuna mtu anasubiri mkopo wa ada, kuna mwingine mwanae amelazwa anataka hela ya mfuko wa jamii, siwezi kulala wakati watu wamekaa kwenye mabenchi wananisubiri mimi. Nikawa naenda. Mwanzoni nafungua, nanunua hisa moja, narudi kulala. Ila ukishaoga na kuvaa umeshatoka bana, kwenye kikao wanakuuliza bibi mlenda upo, unajikuta umebeba kisado, wiki inayofuata viwili.

Hela nayo ilinisukuma, nisidanganye. Wenzetu Zanzibar mtu akifika miaka 70 anapata pensheni jamii, wameanza 2016, huku bara mkulima kama mimi hana kitu hicho, tuna lile dirisha la wazee hospitali. Pensheni yangu ni mlenda.

Kurudi mezani ndo kulikuwa kugumu. Shoga alikuwa akimwita mteja hata anayeenda kununua nyanya anageuka, mimi sauti hiyo sina na sikutaka kuigiza, ningeonekana kichaa. Nikaangalia wateja wanachoogopa ni nini, nikaona ni mchanga. Upepo wa Dodoma mnaujua, ukianika chini kwenye turubai unakula mlenda na vumbi. Mimi naanika kwenye kichanja, nafunika neti, nachekecha mara mbili. Kwa hiyo simwiti mtu, anayesimama namwekea kidogo kiganjani namwambia weka kwenye meno usage, ukisikia mchanga chukua bure. Wanasaga wananiangalia, wananunua. Mpaka leo hajachukua mtu bure.

Simu nimefundishwa na mjukuu. Namba za wateja wa Dar tulizipata kwenye simu ya marehemu, nikawapigia mmoja mmoja, kila mmoja inabidi kwanza nimwambie amefariki. Hiyo kazi sitaki kuisimulia sana. Wengine walilia na mimi kwenye simu, na hao ndo watu wa kwanza kunipa pole mimi kama mimi. Sikuhizi hela ikitumwa siamini meseji, naangalia salio kwanza ndo kiroba kinaenda stendi, matapeli wanapenda sana sisi vikongwe.

Mezani nakaa na binti mmoja wa kikoba anayeuza karanga, mambo yanaendana maana mlenda bila karanga sio mlenda. Anaongea kutwa nzima na anawasha miziki kwa sauti, ananiita bibi, sio shoga angu na hatuigizi. Ila nikichelewa anapiga simu.

Kikoba tunavunja Desemba, kila mtu anachukua akiba yake. Hela yangu nanunua neti mpya na mbao za kichanja cha pili, Januari mlenda unaanza kutoka.