Siku Moja Maishani Mwangu: Mahindi, Sumukuvu na Herufi Moja ya DNA

Saa 2:00 asubuhi, maabarani tunakopima sumu kwenye chakula. Mahindi ya leo yametoka Kongwa na Kiteto. Kila sampuli nasaga yote, sichoti kiganja kimoja. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, haitawanyiki sawasawa kwenye gunia: punje nyingi huwa safi, na chache zenye kuvu zikabeba sumu ya kuharibu mzigo mzima. Ukikosea kuchukua sampuli, hakuna mashine itakayokuokoa. Barakoa na glavu sivui, maana vumbi la mahindi yenye kuvu halichezewi.

Saa 4:00. Napima unga, natia methanoli, natikisa, nachuja. Chai nakunywa nje.

Saa 5:30. Sasa sahani ya kipimo, yenye vishimo 96. Matone yanaingia, tunasubiri, rangi ya bluu inapanda. Nikitia asidi inageuka njano. Kishimo cha njano iliyokolea ndicho chakula salama. Sumu ikiwa nyingi, inachukua nafasi ya kile kinacholeta rangi, na kishimo kinabaki kimepauka. Leo vishimo vya sampuli moja vimepauka karibu kama maji. Kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote, ndizo sumukuvu tunazopima leo, na 5 kwa aina moja, aflatoksini B1, peke yake. Hii imepita mbali. Narudia kipimo, jibu ni lile lile.

Saa 7:00 mchana. Kijana aliyeko mafunzo kwa vitendo ananiuliza, "Dada, watu wanakula mahindi kama haya kila mwaka na hawaumwi. Madhara yako wapi?"

Wengi wetu tunakumbuka vifo tu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua watu 317, wakafa 125. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo haanguki, ila ndani ya ini lake kazi inaendelea, na hiyo ndiyo inayoninyima raha.

Nikamchorea ubaoni. Aflatoksini B1 ikifika kwenye ini, vimeng'enya (protini zinazofanya kazi za kemia mwilini) vinavyojaribu kuivunja ili itoke mwilini ndivyo vinavyoigeuza kuwa kali. Umbo hilo jipya halidumu, lakini likiikuta DNA, maandishi ya urithi ndani ya seli, linang'ang'ania guanini, ile tunayoiandika G, moja ya herufi zake nne: A, C, G na T. Hapo bado hakuna mutesheni, yaani badiliko la kudumu la herufi. Kuna jeraha tu, na seli ina mafundi wake: hukata kipande chenye herufi 30 hivi, hutupa, hujaza upya kwa kufuata uzi wa pili ulio mzima.

Hatari ni seli ikianza kujinakili kabla mafundi hawajamaliza. Kimeng'enya cha kunakili kikifika kwenye G iliyobebeshwa mzigo, hukwama. Seli huita vimeng'enya vingine, visivyo makini, vipite hivyo hivyo. G ilipaswa kupewa C. Mara nyingi hupewa A. Nakala inayofuata ikisoma ile A, inaweka T. G imekuwa T, na sasa hakuna fundi atakayeigundua, kwa sababu nyuzi zote mbili zinakubaliana.

"Herufi moja tu?" akauliza. Moja inatosha. Mwaka 1991 watafiti walichunguza saratani za ini kutoka Qidong, China, wakakuta nusu ya uvimbe 16 una kosa mahali pale pale: kodoni (herufi tatu zinazosomwa pamoja) ya 249 ya jeni ya TP53, na katika saba kati ya hizo nane AGG imekuwa AGT. Protini ya p53, inayozuia seli iliyoharibika isigawanyike, inapokea kijenzi kiitwacho serini mahali pa kile kiitwacho arginini na kupoteza nguvu yake. Mwaka huo huo kosa hilo likaonekana kwa wagonjwa wa kusini mwa Afrika.

Ndiyo maana mwenye homa ya ini B yuko hatarini maradufu na zaidi. Ini lake linaumizwa na kujijenga kila mara, seli zinagawanyika haraka, na mafundi hawapewi muda. Chanjo ya mtoto mchanga na gunia lililokauka vizuri, kwangu mimi, ni kazi moja.

Saa 9:00 alasiri. Nampigia mwenye mzigo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vipi mahindi yangu?"

Namweleza. Anauliza kama moto hautaiua sumu hiyo. Hapana mzee, hii si mdudu. Joto la sufuria ya ugali haliitoi. Mzigo huo usiende mashineni wala sokoni. Na msimu ujao ayaanike juu ya turubai, si ardhini, na asiyatie ghalani mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Yaliyooza na yaliyotobolewa na wadudu yachambuliwe mapema, na wala kuku wasilishwe hayo. Mzee amenyamaza, kisha akauliza turubai zinauzwa wapi kwa bei nzuri. Nimemtumia namba ya bwana shamba wao.

Saa 10:30. Vyombo vyote vimelowekwa kwenye maji ya klorini, ripoti imesainiwa. Kesho ni karanga, nazo zina mafuta na huganda kwenye kinu, kwa hiyo tutaanza saa 1:30.