Frankel nusura atutie presha

Juni 2011 nilikuwa kibarua kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ascot, Uingereza, kazi yangu kuokota glasi. Shati jeupe la kuazima, viatu vinanibana. Msimamizi alishatuonya: mbio zikianza, marufuku kusimama kutazama. Nani angemsikiliza siku anayokimbia farasi Frankel?

Ilikuwa St James's Palace Stakes, mbio za farasi madume wa miaka mitatu tu, karibu maili moja, zenye kona ya kulia kabla ya kunyooka kwenda mwisho. Majike wana Coronation Stakes yao wiki hiyohiyo. Frankel hakuwa amewahi kushindwa. Mwezi wa Aprili alichukua mbio kubwa za 2000 Guineas akiwaacha wenzake kwa urefu wa farasi sita, kwa hiyo wengi waliona hii ni kazi ya kumalizia tu.

Basi joki wake, Tom Queally, si akamwachia mapema! Mbio bado mbichi, yeye tayari anamkimbilia Rerouted, farasi mwingine wa tajiri mwenye Frankel, aliyetangulizwa ili avute mwendo. Nimekumbatia trei kifuani, shingo nimeirefusha kama twiga. Frankel akapita, watu wakalipuka. Halafu nikaona pengo linayeyuka. Farasi Zoffany huyo, anatoka nyuma kwa fujo.

Frankel akaponea kwa robo tatu ya urefu wa farasi. Ingeongezwa mita hamsini, mimi naamini angepitwa.

Kuangalia trei, glasi mbili zimepasuka. Mzee mmoja mwenye kofia ndefu akaniinamia: “Hata mimi nimemwaga yangu.”